MSUMENO MDOGO WA MEZA KWA WAUNDAJI WA VIJAHAZI

Somo kwa vikundi vya ufundi



Katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Matondoni hadi Mombasa, wako mafundi wanaounda vijahazi vya mfano. Kijahazi kizuri kina kila kitu cha jahazi lenyewe: mkuku, mataruma, mbao za ubavuni, mlingoti, foromali, tanga na usukani. Mgeni hukinunua akaenda nacho kwao, na mwenyeji hukiweka sebuleni akawaonyesha watoto vyombo vya babu zao vilivyokuwa.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye vibao. Kijahazi kinachojengwa kwa mataruma na mbao, kama jahazi la kweli, kinataka vibao vyembamba vingi, pengine vya unene wa milimita 2 tu, na vyote viwe sawasawa. Ukivipasua kwa mkono, kimoja kinatoka kinene na kingine chembamba. Ukivipigilia, ubavu unakuwa na vidonda na matuta, na msasa hauwezi kuondoa yote. Ndiyo sababu vikundi vingine vinauliza: je, tununue ule msumeno mdogo wa meza unaotumia stima?

Swali hili ni la pesa za kikundi, tena ni la vidole vya watu. Kwa hiyo tusilijibu kwa haraka. Someni somo hili pamoja, sehemu moja moja, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. KWANZA TUJIULIZE: TUNAUHITAJI KWELI?

Si kila fundi wa vijahazi anahitaji msumeno huu. Kama kijahazi chenu kinachongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kazi kubwa ni ya tezo, patasi na msasa. Msumeno wa meza hautawasaidia sana. Nunueni patasi nzuri na jiwe la kunolea, pesa zitakazobaki zikae kwenye akiba.

Tena, vibao vyembamba sana, vya unene chini ya milimita moja na nusu, vinakatwa vizuri kwa kisu kikali na rula ya chuma. Na kukata vipande vifupi vichache kwa siku, msumeno wa mkono wenye meno madogo na sanduku la kuongozea unatosha kabisa.

Msumeno wa meza unafaa pale ambapo kuna vibao vingi, vya kipimo kimoja, kila wiki. Pia unafaa pale ambapo mnatumia vipande vya mbao vilivyobaki kwa maseremala wengine. Vipande vya mkangazi, mvule au mtiki ambavyo vingeishia jikoni vinaweza kuwa mbao za kijahazi. Mwembe na mwarobaini pia inapatikana karibu. Hapo mashine inaongeza thamani ya kitu ambacho kingetupwa.

2. KWA NINI MDOGO, SI MKUBWA?

Mtu atasema: "Lakini fundi wa hapa mtaani ana msumeno mkubwa wa meza, si atupasulie tu?" Kwa kupunguza gogo au ubao mnene, ndiyo, mpelekeeni. Kwa vibao vya kijahazi, hapana. Kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mbao inayopotea. Kila msumeno unapopita unaacha njia yake, na njia hiyo ni mbao iliyogeuka unga. Bledi ya msumeno mkubwa inakula kama milimita 3. Bledi nyembamba ya msumeno mdogo inaweza kula nusu milimita tu. Hebu tufanye hesabu. Tuna ubao wa upana wa milimita 60 na tunataka vibao vya milimita 2:

- Kwa bledi ya milimita 3, kila kibao kinatumia 2 + 3 = milimita 5. Tunapata vibao 12.
- Kwa bledi ya nusu milimita, kila kibao kinatumia 2 + 0.5 = milimita 2.5. Tunapata vibao 24.

Ubao ni ule ule, vibao ni mara mbili. Kwa kweli kipande cha mwisho hatukipasui, kwa sababu vidole vinakuwa karibu mno na bledi. Lakini tofauti inabaki pale pale.

Sababu ya pili ni hatari. Katika msumeno mkubwa tundu la mezani linalopitisha bledi ni pana. Kibao chembamba kinaweza kudumbukia humo, kikavunjika au kikarushwa kwa nguvu kuelekea kwa fundi.

Hapa lazima tuonye juu ya jambo moja linaloonekana katika karakana nyingine. Watu wanachukua grinda ya kusagia chuma, wanaifunga chini ya meza, wanatia bledi ya mbao, basi wanasema wamepata msumeno. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Bledi nyingi za mbao hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Kila bledi imeandikwa mwendo wake wa mwisho. Ukiupita, jino linaweza kuruka kama risasi. Tena grinda hiyo haina kinga ya kufaa kwa kazi ya mbao. Tafadhali msifanye hivyo, hata kama ni rahisi.

3. MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

(a) Uwezo wa kupasua. Ulizeni: unapasua mbao ya unene gani? Kwa mfano, katika misumeno ya Proxxon, ule mdogo unaoitwa KS 230 una bledi ya milimita 58 na unapasua unene usiozidi milimita 8. Ule unaoitwa FET una bledi ya milimita 80, mota ya wati 200, na unapasua hadi milimita 22. Waundaji wengi wa meli za mfano huko ng'ambo wanaujua pia msumeno wa Jim Byrnes wa Marekani, ambao bledi yake ni ya inchi 4. Mdogo kabisa unafaa kukatia vipande vyembamba. Kama mnataka kuanza na ubao wa inchi moja (milimita 25), basi hata ule wa milimita 22 hautafika. Itabidi ubao upunguzwe kwanza.

(b) Reli ya kuongozea. Huu ndio ukingo ambao ubao unauegemea unapopasuliwa, nao ndio roho ya mashine. Ifungeni, kisha isukumeni kwa kidole mbele na nyuma. Ikicheza, iacheni dukani. Reli lazima isimame sambamba na bledi. Pimeni kutoka reli hadi jino la mbele, halafu hadi jino la nyuma. Vipimo viwe sawa. Nyuma ikiwa nyembamba kuliko mbele, ubao utabanwa na kurushwa.

(c) Mhimili wa bledi. Plagi ikiwa imetolewa, shikeni mhimili mjaribu kuutikisa. Usicheze hata kidogo. Mhimili unaocheza unafanya bledi iyumbe, na bledi inayoyumba inakula mbao nyingi na kuacha mikwaruzo.

(d) Stima. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine nyingi za Marekani ni za volti 110 hadi 120. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua. Mtu akiwaletea zawadi ya mashine kutoka huko, angalieni kibandiko chake kabla ya kuigusa plagi. Transfoma inaweza kupunguza volti, lakini ni gharama nyingine, na lazima iwe na nguvu kuliko mota yenyewe.

(e) Kinga. Iwe na kifuniko cha bledi, na kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi ili mbao iliyopasuliwa isijifunge na kuibana. Swichi iwe mahali ambapo mkono unaifikia bila kupita juu ya bledi.

(f) Bledi za akiba. Hili husahauliwa mara nyingi. Mashine bila bledi ni meza tu. Kabla ya kununua, mjue bledi zitapatikana wapi, tundu lake la katikati ni milimita ngapi, na bei yake ni ngapi. Kama zinaagizwa kutoka nje, agizeni kadhaa pamoja na mashine.

4. HESABU YA PESA

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu; nyinyi mtaweka zenu. Tuseme mashine, usafiri, ushuru na bledi za kwanza vimefika shilingi 48,000. Tuseme kila kijahazi kinawaokolea siku moja ya kazi, na siku hiyo mnaihesabu shilingi 500.

Kikundi kinachouza vijahazi 6 kwa mwezi kinaokoa 6 x 500 = shilingi 3,000. Tukitoa shilingi 1,000 za bledi, stima na matengenezo, zinabaki 2,000. Gawanya 48,000 kwa 2,000: miezi 24. Baada ya miaka miwili mashine imejilipa.

Kikundi kinachouza vijahazi 2 tu kwa mwezi kinaokoa shilingi 1,000. Hata tukisema gharama zake ni 500, zinabaki 500. Gawanya 48,000 kwa 500: miezi 96, yaani miaka 8! Kumbe kikundi hiki hakina upungufu wa mashine. Kina upungufu wa wanunuzi. Kikikopa pesa za mashine leo, deni litakaa mlangoni kama mgeni asiyeaga.

Stima yenyewe si mzigo mkubwa. Mota ya wati 200 inatumia uniti moja kwa saa tano za kuzunguka. Gharama kubwa ni bledi, na saa za watu wanaongoja zamu.

Hapo pia tujiulize juu ya watu. Kama kuna mzee au kijana katika kikundi ambaye kazi yake ni kupasua vibao kwa mkono, mashine ikija atafanya nini? Msimwachie aone mwenyewe siku mashine inapofunguliwa kwenye sanduku. Pengine yeye, kwa kuwa anaijua mbao na nyuzi zake, ndiye anayefaa kufundishwa kwanza.

5. KUUTUMIA

Mahali. Wekeni mashine juu ya meza nzito isiyotikisika, muifunge kwa boliti au klampu. Nyuma ya mashine pawe na nafasi ya ubao kutokea. Mwanga uwe wa kutosha. Sakafu ifagiliwe, maana unga wa mbao unateleza.

Kuandaa ubao. Ubao lazima uwe na upande mmoja ulionyooka wa kuegemea reli, na upande mmoja tambarare wa kulala mezani. Tumieni randa kwanza. Ubao uliopinda ukipasuliwa hivyo hivyo utaibana bledi. Tafuteni misumari ya zamani katika mbao za kuokota, ing'oeni yote.

Kuchagua bledi. Kwa kupasua ubao mnene kwa kufuata nyuzi, tumieni bledi yenye meno machache na makubwa, ili unga upate nafasi ya kutoka. Kwa kukata kibao chembamba kuvuka nyuzi, tumieni bledi ya meno mengi na madogo. Ukipasua ubao mnene kwa meno madogo, unga utajaa katikati ya meno, bledi itapata moto, na mbao itakuwa nyeusi. Harufu ya kuungua ni mashine inawaambia: punguzeni mwendo, au badilisheni bledi, au noeni.

Urefu wa bledi. Meno yatokeze juu ya ubao kidogo tu, kama milimita 2 au 3. Bledi iliyopandishwa juu sana haiongezi chochote ila hatari.

Tundu la mezani. Kama tundu la bledi ni pana, tengenezeni kifuniko cha plaiwudi nyembamba kinachokaa sawa na meza. Kifungeni imara, bledi ikiwa chini. Washeni, kisha pandisheni bledi polepole ijikatie njia yake yenyewe. Sasa kibao cha milimita 2 hakiwezi kudumbukia. Kama bledi ya mashine yenu haipandi ikiwa inazunguka, ombeni fundi mwenye uzoefu awatengenezee kifuniko hicho.

Kupasua vibao. Njia tunayoipendekeza kwa wanaoanza ni hii. Wekeni kituo kidogo, kama skrubu kwenye kipande cha mbao, upande wa pili wa bledi usio na reli, mbele kidogo kabla ya kufikia meno. Pimeni kutoka jino hadi kituo: milimita 2. Sogezeni reli pamoja na ubao hadi ubao uguse kituo, fungeni reli, pasueni. Kibao kinaanguka nje, huru, hakibanwi na kitu. Kisha sogezeni tena hadi kituo, pasueni tena. Ni polepole, lakini kila kibao kinatoka sawa na mwenzake. Pimeni cha kwanza kwa kalipa kabla ya kuendelea na ishirini.

Kukata vipande. Kukata kuvuka nyuzi, tumieni kile kipande cha kuongozea kinachoteleza katika mfereji wa meza. Hakikisheni kwa guni kwamba kiko mraba na bledi. Msitumie reli na kipande hiki kwa wakati mmoja, kwa maana kipande kilichokatwa kitakwama kati ya reli na bledi kisha kitarushwa.

Mlingoti na foromali. Usijaribu kupitisha mti wa mviringo kwenye msumeno huu. Utazunguka na kuvuta mkono wako. Pasua kwanza kijiti cha mraba. Kisha kwa randa ondoa pembe nne upate pande nane, halafu malizia kwa msasa hadi kiwe mviringo, na ncha iwe nyembamba kuliko shina.

6. USALAMA

Wahenga walisema, asante ya punda ni mateke. Msumeno nao hauna urafiki na mtu. Kwa kuwa huu ni mdogo na sauti yake si kubwa, watu wanauchukulia kama mchezo. Ila kidole ni laini kuliko mvule.

- Tumia vijiti viwili vya kusukumia, siku zote. Vidole visifike karibu na bledi kuliko upana wa kiganja.
- Usisimame moja kwa moja mbele ya bledi. Simama pembeni kidogo, ubao ukirushwa upite.
- Vaa miwani ya kukinga macho. Usivae glavu, maana bledi ikiishika glavu inavuta na mkono. Mikono mirefu ikunjwe, leso na mtandio vifungwe vizuri, nywele ndefu zifungwe nyuma.
- Toa plagi kabla ya kubadilisha bledi au kuondoa kipande kilichokwama. Kuzima swichi tu hakutoshi.
- Stima ikipotea mkiwa kazini, zimeni swichi mara moja. Ikirudi ghafla, mashine isianze yenyewe.
- Vaa kinyago cha vumbi. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanyeni kazi penye hewa, na unganisheni mashine na kifaa cha kunyonya vumbi kama mnacho.
- Watoto na vijana chini ya miaka 18 wasiitumie. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za hatari za mashine ziwekewe kinga. Kinga hiyo isiondolewe "kwa dakika moja tu".

Mtu akikatwa: bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi, inueni mkono juu, mpelekeni hospitali. Msitie mafuta ya taa, majani ya chai wala udongo. Kama kipande cha kidole kimekatika kabisa, kifungeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, mkitie katika mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo muuweke juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu. Kipelekeni pamoja na mgonjwa. Waulizeni wauguzi pia juu ya sindano ya pepopunda.

7. KUUTUNZA, NA NANI MWENYE UFUNGUO

Hewa ya bahari inakula chuma. Kila jioni futeni unga, na mara moja kwa wiki sugueni meza kwa nta ya mshumaa kisha mfute kwa kitambaa kikavu. Inazuia kutu na kuufanya ubao uteleze. Bledi zihifadhiwe kwa mafuta kidogo katika karatasi, kila moja na jina lake: ya kupasua, ya kukata. Utomvu ukiganda kwenye meno, loweka bledi katika maji ya sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha vizuri.

Mashine ya wote isiwe mashine ya hakuna. Andikeni kanuni chache kwenye daftari: ni nani wamefundishwa na wanaruhusiwa kuitumia, nani anatunza ufunguo wa karakana, kila kijahazi kitachangia shilingi ngapi kwa ajili ya bledi, na nini kitafanyika mtu akitaka kuitumia kwa kazi yake binafsi. Wanaume na wanawake wafundishwe sawa. Na katika kikundi wawe watu wasiopungua wawili wanaoijua kabisa, mmoja akisafiri kazi isilale.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwezi uliopita tuliuza vijahazi vingapi? Na mwezi uliotangulia?
2. Katika kuunda kijahazi kimoja, ni kazi gani inayokula siku nyingi zaidi? Je, msumeno huu utaipunguza?
3. Fanyeni hesabu ya sehemu ya 4 kwa bei zenu wenyewe. Mashine itajilipa baada ya miezi mingapi?
4. Ni nani kati yetu ambaye kazi yake itabadilika mashine ikija? Yeye mwenyewe anasemaje?
5. Kutoka karakana yetu hadi hospitali ni mwendo wa muda gani, na tutampeleka mtu kwa chombo gani?

Kama hamna jibu la swali la tano, lipateni kabla ya kununua mashine.